Mkutano Mkuu wa Doa Kwaheri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Tutakutana ana kwa ana! Kundi letu la Doa Kwaheri limetimiza mwaka mmoja simuni, wanachama kumi na wanne, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake uso kwa uso. Tunajuana kwa madoa tu. Mama Limau namjua kwa juisi iliyomwagikia sketi ya kijivu. Mzee Chumvi namjua kwa grisi ya suruali. Mimi najulikana kwa wino.

Profesa wa Wino. Jina wamenipa wao, sikuliomba. Nililipendekeza tu. Kazini nagonga mhuri wa IMEPOKELEWA kwenye hati za mizigo, stoo ya vipuri, kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, na hakuna siku mikono ya shati inasalimika. Napiga picha ya doa. Siku tatu baadaye shati liko kabatini, jeupe pe. Napiga picha ya pili. Kisha naandika njia niliyotumia.

Hapa niwe mkweli, maana shajara ni yangu na naificha ndani ya kiatu. Mimi sifui. Anafua mke wangu. Anatumia nini, sijui. Sijawahi kumwuliza, na kumwuliza leo ni kujichongea. Kwa hiyo njia naibuni. Siki matone saba, mtindi nusu kikombe, subiri mpaka usahau. Watu wanashukuru! Mmoja aliandika kwamba alilia. Huo nao si mchango?

Kazini naitwa Wewe wa Mhuri. Mama mkwe ananiita Huyu. Ni kwenye kundi tu ndipo naamka asubuhi nakuta "Shikamoo Profesa". Siwezi kuipoteza shikamoo hiyo. Nasema wazi: ndiyo pekee niliyonayo.

Tatizo ni Maji Moto. Mwanachama wa tangu wiki za mwanzo, hana picha, hana maelezo, hajawahi kuleta doa lolote. Kazi yake ni kunijibu. Nikiweka njia mpya, anaandika neno moja: "Hapana." Mwaka mzima! Leo nilipotangaza mkutano, watu wakashangilia, naye akaandika sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Kwamba atakuja. Na kwamba ingefaa msimamizi wa kundi achaguliwe siku hiyo, na watu waliokwisha kuiona mikono yake ikifanya kazi.

Wote wakaweka kidole gumba. Wote! Hata Mama Limau, niliyemwokolea sketi.

Jambo moja la kunifariji. Shati nililovaa leo lina ule uzi mwekundu ndani ya kola, kama kawaida: vishono vinne pamoja, na kimoja pembeni peke yake. Mashati yangu yote yanao. Mke wangu ananitilia alama kimyakimya. Miaka sita ya ndoa na bado ana mambo hayo. Sijamwambia kwamba nimeona. Mapenzi ukiyasemea yanaona haya.

Jumanne, 4 Machi

Kutafuta ukumbi. Afadhali kutafuta jino la kuku.

Maktaba: mkutubi aliuliza kama tutakaa kimya. Nikasema kwamba huenda pakatokea mabishano kidogo kuhusu siki. Akanionyesha mlango kwa kalamu.

Mgahawa wa mkabala na stoo: mwenye mgahawa alifurahi mpaka alipouliza ni kikundi cha nini. Nikamweleza. Akataka kujua kama hao watu watakuja na madoa yao au watatumia yake. Nikasema inategemea. Akakumbuka ghafla kwamba Jumamosi anapaka rangi.

Mwisho nikaenda kwa binamu yangu, mwalimu wa udereva. Ana chumba cha darasa, viti ishirini, ukutani alama zote za barabarani. Binamu hakatai kitu, ila kila anapokubali anakubali kama mtu anayeng'olewa jino. Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja, basi. Tusiguse ubao. Tusikae kwenye kiti cha magurudumu. Na meza kubwa ya katikati, iliyochorwa njia panda na mzunguko, tusisogeze hata kigari kimoja, maana amevipanga kwa ajili ya mtihani wa Jumatatu.

Nikamwambia siwezi kuongoza mkutano mkuu juu ya njia panda. Akasema basi nifunike kitambaa, vigari ataviweka kwenye sanduku kwa mpangilio wake, na kimoja kikipotea nitakwenda mwenyewe kuwaeleza watahiniwa.

Kitambaa. Hapo akili ikaniwaka.

Jumatano, 5 Machi

Kitambaa kipo, tena nyumbani kwangu. Ni cha mama mkwe. Cheupe, kirefu, kimedariziwa majani na maua meupe katikati na pembe zote nne. Alikiacha kwetu mwezi uliopita alipokuwa akipigiwa lipu nyumbani kwake, asije akakijaza vumbi. Anakuja kukichukua Jumapili saa sita, ana wageni Jumatatu.

Kitambaa hiki nimekisikia kuliko nilivyokiona. Kila mama mkwe akija lazima atusimulie: miaka thelathini, hakuna mkono wa mtu mwingine uliowahi kukifua isipokuwa wake. Kisha ananitazama mimi, Huyu, kana kwamba nilikuwa natoka chumbani na beseni.

Mke wangu alipokiweka kabatini aliniambia nisikiguse hata kwa macho. Nikamwuliza mtu anagusaje kwa macho. Akasema mimi naweza.

Hesabu yangu ni hii. Kinatoka Jumamosi saa saba. Kinarudi saa kumi na mbili. Mama mkwe anakichukua Jumapili, safi, hajui kama kimewahi kuhudhuria mkutano. Nani ataumia? Hakuna. Na Maji Moto akiingia akakuta darizi ile mbele yangu, atajua anaongea na nani.

Mchana bosi wa stoo alinikuta nikichora mpango wa viti nyuma ya hati ya breki. Aliuliza kama breki zimepokelewa. Nikagonga mhuri kwa haraka. Nikagonga na kidole.

Alhamisi, 6 Machi

Suala la mikono. Wanataka kuiona ikifanya kazi. Haya, wataiona.

Nimenunua hanchifu mbili nyeupe, za namna moja. Ya kwanza nitaitia wino mbele ya watu wote. Nitaitumbukiza kwenye beseni lenye mtindi na siki, maji yake mazito, hayaonyeshi kitu. Ya pili, safi, itakuwa imekwisha lala ndani ya beseni, chini kabisa, tangu mwanzo. Nitasugua kidogo, nitafumba macho, nitataja neno "subira", nitaibuka na ile safi. Makofi! Uchaguzi kwisha kabla ya kuanza.

Nilifanya mazoezi stoo wakati wa chakula. Mara ya kwanza niliibuka na ile chafu. Mara ya pili niliibuka na zote mbili. Mara ya tatu bosi aliingia akanikuta nimezama mtindini mpaka viwiko, macho yamefumbwa, nasema subira, subira. Alisimama kidogo. Akasema likizo yangu ni mwezi wa saba, nijikaze tu.

Ya nne ikakubali. Nimeazima chupa ya wino wa mhuri kutoka kazini, ile kubwa ya kujazia. Ukiazima chombo ulichozoea mkono hautetemeki.

Ijumaa, 7 Machi

Kundi limenichosha. Kutwa nzima simu inalia kama mtoto mwenye mafua.

Kwanza, mavazi. Mama Limau kataka wote tuvae nyeupe ili tutambuane. Mzee Chumvi, dereva mstaafu, akasema yeye shati jeupe hana, ana fulana. Wakabishana saa nzima kama fulana ni nyeupe ya heshima. Nikatoa uamuzi: ruksa. Maji Moto akajibu, mara ya kwanza tangu dunia iumbwe: "Sawa." Sikupenda namna alivyoiandika.

Pili, chakula. Kila kitu kinaacha doa! Chai hapana. Juisi hapana. Nikitaja mchuzi mtu anatuma picha ya blauzi ya mwaka juzi. Tumekubaliana mkate mtupu, viazi vya kuchemsha, na maji. Mmoja akauliza viazi vitakuwa na maganda au la. Nikazima simu. Nikaiwasha tena baada ya dakika mbili, nisije nikapinduliwa.

Jioni mke wangu alikwenda kwa jirani. Nikakitoa kitambaa, nikakikunja ndani ya gazeti, nikakificha kwenye begi la kazini. Mahali pake nikaweka shuka letu jeupe, nimelikunja vilevile, pembe nje. Ukisimama mbali huwezi kutofautisha. Ukisimama karibu unaona tundu lililochomwa na pasi, lakini nani anasimama karibu na kabati?

Jumamosi, 8 Machi

Nina mikono ya buluu. Naandika hivyohivyo.

Saa nane kasorobo kila kitu kilikuwa tayari. Kitambaa mezani, beseni, hanchifu ya pili imelala ndani yake. Mimi nimekaa chini ya alama ya Simama. Wakaingia mmoja mmoja, weupe watupu, kama wauguzi waliopotea njia. Mama Limau ni karani wa mahakama, mrefu, sauti ya chini. Simuni anaandika kwa herufi kubwa tupu. Mzee Chumvi kaja na fulana iliyopigwa pasi mpaka imekuwa na mistari. Tulifika kumi na wawili. Watu wanashikana mikono, wanachekana, wanatajiana madoa kwa mapenzi: "Ah, wewe ndiye yule wa nta ya mshumaa!" Nilipata joto moyoni, sisemi uongo. Hawa ni watu wangu.

Wa mwisho kuingia, wa kumi na tatu, ni mwanamume mnene, mpole, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Mkononi ana kifurushi cha karatasi ya kaki. Akasema yeye ndiye Maji Moto. Akaketi nyuma kabisa, chini ya alama ya Hatari Mbele, na kifurushi magotini.

Mwanzo mzuri. Nilihutubia dakika ishirini. Nikachukua hanchifu ya kwanza, nikaishika juu. Nikafungua chupa ya wino, nikatia matone matatu. Watu wakavuta pumzi. Nikaligeukia beseni kwa madaha.

Kiwiko! Kiwiko changu mwenyewe, nilichozaliwa nacho.

Chupa ililala. Haikumwagika kwa pupa. Ilitoa wino pole pole, glu, glu, katikati ya kitambaa cha mama mkwe, doa upana wa sahani.

Watu wa kawaida wangepiga ukunga. Wangekimbia kutafuta maji. Watu wangu walifungua mikoba! Kumbe kila mmoja amekuja na dawa yake. Mama Limau akakamulia malimau mawili. Mzee Chumvi akamwaga pakiti nzima ya chumvi. Dawa ya meno ikapakwa. Magadi yakanyunyizwa, juu yake yakapiga povu. Mtu mmoja alikuwa na kiazi, akasugua nacho. Huku wote wananiita, Profesa, Profesa, lete mtindi! Nami ningefanya nini? Nikaleta mtindi. Nikamwaga beseni zima, na hanchifu safi ikatoka nao ikatua mezani mbele ya macho ya wote.

Nadhani hakuna aliyeelewa. Doa lilikuwa limefika kwenye darizi.

Hapo Maji Moto akasimama. Hakupaza sauti. Akasema jamani, acheni, naombeni mikono yenu itoke hapo. Ikatoka yote. Akauliza kwa upole, kati yetu ni nani aliyewahi kutoa doa kwa mkono wake mwenyewe. Siyo kuliona limetoka. Kulitoa.

Nikawatazama wenzangu. Wenzangu wakatazama alama za barabarani.

Akafungua kifurushi. Shati langu! Lile la Jumatatu, lenye kifungo kimoja cha kahawia. Akageuza kola akaonyesha uzi mwekundu: vinne, kimoja. Arobaini na moja. Akasema yeye ni dobi, duka lake liko nyuma ya posta, na arobaini na moja ni namba ya mteja wake, dada mmoja mwenye miwani, anayeleta mashati kila Jumanne na kila Ijumaa akitoka kazini, mwaka wa sita huu.

Kisha akaomba ruhusa, tena kwa adabu, awatazame na wengine kola. Mama Limau: kumi na saba. Karani mmoja wa bima: thelathini. Wanne wengine wakageuza kola zao wenyewe, wamekwisha kata tamaa. Mzee Chumvi akacheka, akasema yeye kola hana. Dobi akasema fulana huwa anazitia alama kwenye pindo. Akainua pindo. Hamsini na mbili. Wanne waliobaki hawakuwa na uzi. Wawili wakakiri kwamba wanafuliwa na mama zao, mmoja na dada yake, na yule wa kiazi akasema yeye huwa ananunua nguo mpya.

Ile kazi yote niliyokuwa nikiisifu kwa mwaka mzima, nikiwafundisha watu, ilikuwa yake. Na alikuwa akinisoma! Alisema alijiunga baada ya kuona kwenye simu ya mteja picha ya kola aliyoishona mwenyewe. Akanyamaza kwa kuwa mteja hafedheheshwi. Ila tangu mwezi uliopita ameletewa nguo tatu zilizogandwa na mtindi, moja ikiwa ya arusi. Akasema alikuja leo kutuomba tu tuache.

Niliona aibu. Niandike tu: niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na jambo lililoniuma zaidi si kundi. Ni kwamba mke wangu hubeba mashati yangu juu ya uchovu wa siku yake ya kazi, miaka sita, nami nikadhani uzi ule ni barua ya mapenzi.

Dobi akakitazama kitambaa. Akasema wino peke yake ungetoka kwa saa moja. Sasa tumeupika. Akakikunja, akasema atajaribu. Saa kumi watu wakaondoka wakitazama viatu. Saa kumi na moja wote wamejitoa kwenye kundi. Tumebaki wawili, mimi na Maji Moto.

Nyumbani nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri. Haukufunguliwa. Simu ya mke wangu ikalia tunakula. Akasikiliza. Akaniuliza bila kunitazama: dobi anataka kujua, kitambaa cha mama akitie wanga au asitie?

Akaenda kabatini, akalitoa shuka, akachungulia upande wa pili kupitia tundu la pasi. Nilimwona jicho. Kisha nikamwuliza kwa nini hakuniambia kuhusu dobi. Akasema sikumwuliza. Akasema siku niliyoingia nyumba hii niliweka shati chafu juu ya kiti, na tangu siku hiyo sijawahi kuuliza linakwenda wapi.

Nimepewa amri. Kesho alfajiri niko kwa dobi. Nikafue mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, duka la nyuma ya posta. Mvuke, pasi nzito tatu, kamba ukutani mpaka ukutani, kila nguo na namba yake. Dobi akanivisha aproni, akanikabidhi kitambaa changu kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Nikaanza kusugua. Akanipiga mkono. Doa halifukuzwi, bwana mkubwa, linabembelezwa. Weka kitambaa chakavu chini, dondoshea spiriti juu, bonyeza, usisugue, inua, weka chakavu kingine. Tena. Tena. Saa nne nzima! Mgongo wangu ulikuwa unataja majina ya babu zangu. Wino ukahama kidogo kidogo, kutoka sahani ukawa kisosi, kutoka kisosi ukawa kifungo. Sijui niseme nini. Ulipofika kifungo nilipiga kelele ya furaha, na yule dobi mnene akanipa tano.

Kilibaki kivuli cha buluu kama ukucha, kwenye jani moja la darizi. Dobi akasema tukiendelea tutatoboa. Malimau yale yamekwisha kulikaanga.

Akakikunja nusu ili ashone uzi, asikichanganye na vya watu. Akageuza pembe, akasimama. Akaniita. Ndani ya pindo kulikuwa na uzi mwingine, wa kijani, umefifia mpaka umekuwa kama jivu. Vishono tisa. Akacheka mpaka akakalia beseni. Kijani, akasema, ilikuwa rangi ya marehemu baba yake, dobi wa duka hilihili. Na tisa anamkumbuka tangu yeye mtoto: mama mmoja mwenye sauti, alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma.

Miaka thelathini! Hakuna mkono mwingine!

Saa sita kamili mama mkwe akaingia. Hakukaa. Akadai kitambaa. Mke wangu akakileta, kimepigwa pasi, kina wanga, kinasimama chenyewe. Mama mkwe akakitandaza mezani, akaanza kukikagua jani kwa jani kama mtu wa forodha. Niliomba Mungu. Kidole kikafika kwenye lile jani, kikasimama. Akauliza, bila kunitazama, Huyu amefanya nini hapa?

Mke wangu akafungua kinywa. Nami nikanyoosha mkono, mkono wa buluu, nikageuza ile pembe. Polepole.

Mama mkwe akaona uzi wa kijani. Akaniona mimi nauona. Nikasikia wanga ukikatika. Akairudisha pembe, akailaza kwa kiganja. Akasema kitambaa ni cha zamani, vitu vya zamani vina alama zake, tusikae kuhesabu alama. Akasema pia kwamba ana kiu.

Nikamletea maji, akaipokea glasi kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu."

Mwanangu! Miaka sita!

Alipoondoka, mke wangu alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia kuanzia leo mashati yangu nayafua mwenyewe. Nilisema kwa moyo wote, machozi karibu. Akasema ataamini akiona.

Jumatano, 12 Machi

Shati la Jumatatu liko kwenye kiti. Nitalifua. Ila si wiki hii, wiki hii nimebanwa mno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimefungua kundi jipya! Linaitwa Weupe wa Daima. Maji Moto sikumwalika, ana kazi nyingi. Tayari tuko tisa. Mzee Chumvi amerudi, sasa anajiita Kapteni. Mama Limau amerudi, anajiita Mama Ndimu, hakuna atakayemjua. Na jana usiku mama mkwe alinipigia simu kwa sauti ya chini, akauliza kama kuna nafasi. Nafasi ipo! Leo asubuhi ameweka picha ya kitambaa, na maneno: miaka thelathini, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaweka kidole gumba. Akaweka kidole gumba chini ya kidole gumba changu. Tunaelewana sana.

Kisha nikaandika njia ya wino. Safari hii ni ya kweli, nimeifanya mwenyewe: spiriti, kitambaa chakavu, bonyeza usisugue. Lakini nilipoisoma niliona ni kavu mno, haina mvuto. Nikaongeza mtindi kidogo.

Kumi na tano "Asante Profesa" kabla ya saa nne! Watu tisa! Kuna walioniandikia mara mbili. Bosi alinikuta nikicheka peke yangu, akasema mwezi wa saba si mbali.

Kitu kimoja tu kinakosekana, na wameanza kuuliza: tutaonana lini uso kwa uso? Hoja nzuri. Nimekwisha ongea na binamu, amekubali, anaugulia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama mkwe ameahidi kuleta kitambaa.

Ila siku hizi mimi si mtoto, nimejifunza. Tangazo nimeliandika kwa herufi nene, juu kabisa, kabla hata ya anwani: wajumbe wote wavae fulana. Shati lenye kola haliingii mlangoni.